Lebo za Injili: unavyozitafuta ukiwa Kigoma

Andika "lebo ya gospel Tanzania" kwenye simu yako, utaletewa mchanganyiko: studio za kurekodi, chaneli za YouTube zinazopakia nyimbo za watu, kampuni za usambazaji wa mtandaoni, na lebo za bongo fleva ambazo hazijawahi kutoa hata pambio. Orodha kama hiyo haimsaidii mwimbaji wa Mwanga hapa Kigoma mjini wala kwaya ya Kasulu. Lebo huipati kwa kutafuta jina. Unachukua nyimbo zinazofanana na zako, unachimba hadi ujue nani aliyezitoa.

Kwanza tuelewane lebo ni nini, maana hapa ndipo wengi wanapoliwa. Lebo inatoa fedha yake kurekodi, kushuti video na kutangaza, inapata haki juu ya masta (rekodi yenyewe ya wimbo) kwa muda fulani au moja kwa moja, halafu inajirudishia fedha yake kwenye mapato. Studio inayokutoza kwa wimbo au kwa saa haijawa lebo kwa sababu ukutani imeandika "Records". DistroKid, TuneCore na CD Baby ni wasambazaji: wanapeleka wimbo wako Spotify, Apple Music, Boomplay na kwingineko, hawakuwekezi shilingi. Africori ya Afrika Kusini, ambayo siku hizi iko chini ya Warner, imekaa katikati. Inasambaza na pia inatoa huduma za lebo kwa wasanii inaowachagua. Yule msambazaji wa enzi za kanda aliyelipa mkupuo mmoja na kuondoka na masta alikuwa mnunuzi tu, na ndiyo maana kuna waimbaji wakongwe wanaosikia albamu zao zikipigwa mtandaoni bila kuona senti.

Ukishachuja hivyo, zinazobaki ni chache. Tanzania lebo inayoishi kwa Injili peke yake, yenye wasanii kadhaa na bajeti ya kueleweka, ni ya kutafuta kwa tochi. Waimbaji wengi wakubwa wanajisimamia kupitia huduma zao wenyewe, na lebo unayoiona kwenye nyimbo zao ni jina la mwimbaji mwenyewe au la huduma yake. Kigoma tuna kishawishi cha ziada: Diamond Platnumz na Alikiba, wote wenye asili ya huku, wana lebo zao, WCB Wasafi na Kings Music, basi mtu anaona ni ndugu, awapelekee demo ya kuabudu. Hizo ni lebo za muziki wa dunia. Watu wao wa redio, wa video na wa matamasha wamezoea soko jingine, na undugu haubadilishi hilo.

Nje ya nchi lebo za Injili zipo na zina historia. Malaco ya Jackson, Mississippi, ilinunua katalogi ya Injili ya Savoy mwaka 1986. Tyscot ya Indianapolis ilianza 1976. Word ilianzia Waco, Texas, mwaka 1951. Motown Gospel iko ndani ya Capitol Christian Music Group, ambayo ni mali ya Universal, na RCA Inspiration iko Sony. Integrity Music imejikita kwenye nyimbo za kuabudu. Afrika, mfano mzuri zaidi wa lebo iliyojengwa juu ya Injili ni EeZee Conceptz ya Nigeria, iliyowatoa Mercy Chinwo, Judikay na GUC. Majina haya yafahamu, lakini usipoteze bando kuwatumia demo wale wakubwa. Kwa kawaida hawapokei kazi ambayo hawakuiomba, na wanapokuja huku humfuata mtu ambaye tayari ana wasikilizaji. Rose Muhando alisaini na Sony Music mwaka 2011, wakati nyimbo zake zilishaimbwa Afrika Mashariki nzima.

Kuwajua kuna faida nyingine: matapeli hujificha nyuma ya majina hayohayo. Mtu akikuandikia WhatsApp kwamba Universal wameusikia wimbo wako na unatakiwa kulipia "ada ya usajili", tazama anwani ya barua pepe anayotumia. Ikiishia na gmail, mazungumzo yameisha. Lebo inaingiza fedha kwako. Fedha ikianza kutoka kwako kwenda kwao, hata elfu hamsini, hapo unanunua huduma, na huduma ina bei ya soko unayoweza kuilinganisha.

Mstari wa chini ya albamu

Sasa kazi yenyewe. Chagua nyimbo ishirini za Kiswahili za miaka miwili mitatu iliyopita zinazokaribiana na unachofanya. Kama mnaimba kwaya ya sauti nne na kinanda, chagua kwaya. Kama ni kuabudu kwa mwendo wa taratibu, chagua wa aina hiyo. Usichanganye na sebene kwa sababu tu unaipenda. Anayetoa sebene ana wasikilizaji wengine na mapromota wengine.

Fungua wimbo wa kwanza Spotify, nenda kwenye albamu yake, shuka hadi mwisho kabisa chini ya orodha ya nyimbo. Utaona mistari miwili midogo ambayo msikilizaji wa kawaida haisomi: wenye herufi C ndani ya duara na wenye herufi P ndani ya duara, kila mmoja na mwaka na jina. Ule wa P ndio unaokuhusu, kwa sababu unamtaja mwenye haki ya rekodi, yaani mwenye masta. Ule wa C kwa kawaida unahusu jalada na vilivyoambatana na toleo. Apple Music nayo inaweka mstari huo chini ya albamu.

Huna Spotify? YouTube inatosha. Tafuta jina la mwimbaji, kisha chaneli yake inayoishia na neno "Topic". Ile inatengenezwa na YouTube yenyewe kutokana na kazi iliyoletwa na msambazaji. Fungua maelezo ya wimbo. Juu kabisa pameandikwa "Provided to YouTube by" na jina la msambazaji, halafu jina la wimbo, mwimbaji na albamu, halafu mstari wa P, halafu tarehe ya kutoka. Kwa nusu dakika umeshajua nani aliupeleka na nani anaumiliki.

Ukikuta tarakimu zikifuatiwa na "Records DK", hiyo si lebo ya siri ya Marekani. Ni jina ambalo DistroKid huliweka lenyewe pale mwimbaji alipoacha nafasi ya lebo wazi, maana yake amejitoa mwenyewe. Ukikuta jina la mwimbaji au la kanisa lake, naye kajitoa. Ukikuta jina jingine, liandike daftarini pamoja na msambazaji wake, na uhesabu limetokea kwenye nyimbo za waimbaji wangapi tofauti. Jina lililotokea kwa mwimbaji mmoja huenda ni meneja wake au shemeji yake. Lililotokea kwa watatu au wanne ndilo la kufuatilia.

Majina yatabaki machache, pengine mawili matatu. Usihuzunike, hao ndio waliopo.

Kila jina lililobaki lipitishe kwenye maswali ya kawaida. Je, limesajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kama kampuni au jina la biashara? Utafutaji unafanyika kwenye mfumo wao wa mtandaoni, hauhitaji kupanda treni kwenda Dar. Wimbo wa mwisho wametoa lini? Waliosaini nao miaka mitatu iliyopita wako wapi leo, na walitoa kazi ngapi wakiwa huko? Mwimbaji aliyekuwa anatoa nyimbo nne kwa mwaka, akasaini, halafu kimya, huyo mtafute umuulize kwa heshima. Anaweza asikuambie kila kitu, ila namna anavyosita itakuambia. Angalia pia idadi ya watazamaji kwa jicho kavu: video ya milioni moja yenye maoni kumi na tano, yote ya "Amina" kutoka akaunti zisizo na picha, imesukumwa kwa fedha.

Na wala usidhani lazima lebo iwe Dar. Zabron Singers wamefahamika Afrika Mashariki wakitokea Kahama, ambako basi la Kigoma linapita.

Unachopeleka

Nyimbo tatu. Albamu nzima haisikilizwi, na wimbo mmoja hautoshi kuonyesha kama ni bahati au ni kipaji. Ya kwanza iwe ile ambayo sauti inaingia mapema. Kwaya zetu zinapenda kinanda kitangulie dakika nzima, jambo tamu sana ibadani, lakini anayepokea demo thelathini kwa siku ataruka kabla hamjafungua mdomo. Maneno yasikike. Kosa linalojirudia kwenye rekodi za huku ni besi na kinanda kufunika sauti ya tatu na ya nne, na mwangwi (reverb) mwingi mno kwa imani kwamba ndiyo upako.

Weka nyimbo Google Drive na ubadilishe ruhusa iwe kwamba yeyote mwenye kiungo anaweza kufungua. Jaribu mwenyewe kwa simu ya mtu mwingine kabla ya kutuma. Kiungo kinachomwambia meneja wa lebo aombe ruhusa hakifunguliwi mara ya pili. Video ukiirusha WhatsApp kama video inabanwa na kuharibika, itume kama dokumenti. Na faili liitwe jina la mwimbaji, jina la wimbo na namba ya simu, kwa sababu "audio final mpya 2" ikishashushwa kwenye kompyuta ya mtu haina baba wala mama.

Studio nayo ina deni kwako. Siku ya kuchukua kazi dai vitu vinne: masta ya WAV (faili la sauti lisilobanwa), ala peke yake bila sauti, sauti peke yake bila ala, na vipande vya kila ala na kila sauti kimoja kimoja. WAV ya biti 16 na kilohezi 44.1 ina uzito wa takribani MB 10 kwa dakika, hivyo wimbo wa dakika nne ni kama MB 42. Ukipewa "WAV" ya MB 4, ni mp3 iliyobadilishwa jina. Malipo ya mwisho yatoke baada ya vitu hivi kuingia kwenye flashi yako. Kompyuta za studio zinakufa, maprodyuza wanahama, na lebo ikitaka kumiksi upya hutakuwa na cha kuipa.

Biti uliyoipakua YouTube yenye neno "free" ni mgogoro unaosubiri. Nyingi ni bure kwa kazi isiyoingiza fedha tu, na hata ukinunua leseni ya kawaida, mwenye biti anaweza kuwa ameiuza kwa watu mia. Lebo ikitaka kuuweka wimbo kwenye Content ID ya YouTube, mfumo unaotambua wimbo wako kwenye video za wengine, itakataliwa au itaanza kugombana na wageni, kwa sababu mfumo ule unahitaji haki ya pekee. Afadhali gitaa moja la kijana wa Katubuka aliyesaini karatasi ya kukubali malipo.

Kigoma tuna tatizo jingine ambalo Dodoma hawalijui sana. Nyimbo zinavuka ziwa. Pambio lililoimbwa Uvira au Bujumbura linafika Kibirizi, linapita kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na baada ya miaka michache kila mtu anasema ni "la zamani, halina mwenyewe". Linaye. Huenda mtunzi yuko hai, na sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 inamlinda maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Tenzi za zamani nazo: tuni inaweza kuwa huru ilhali tafsiri ya Kiswahili ina mwenyewe. Ukiwa na shaka, wimbo huo usiwe miongoni mwa ile mitatu.

Jina pia. "Kwaya ya Vijana", "Kwaya Kuu", "Uinjilisti" ziko maelfu. Msipojitofautisha, wimbo wenu utaangukia kwenye ukurasa wa kwaya ya Mbeya huko Spotify na mapato yatazua maneno. Wekeni kanisa na mahali ndani ya jina lenyewe, liandikwe vilevile kila mara, herufi kwa herufi.

Usajili si wa kukwepa. BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, wanasajili wasanii na vikundi, na afisa utamaduni wa halmashauri yako, iwe Manispaa ya Kigoma Ujiji, Kasulu Mji au Uvinza, ndiye wa kumwona kwanza. COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ndipo unaposajili kazi. Hakimiliki yako inaanza pale wimbo unapotungwa, cheti hakikupi haki mpya; kinakupa ushahidi, na ushahidi ndio unaokosekana siku ya ugomvi.

Tuma kwa lebo moja moja, ukitaja wimbo wao mmoja uliousikiliza na kwa nini unaona mnafanana. Kumbusha mara moja baada ya wiki mbili, basi. Kama unalenga Pasaka, demo iwe imefika kwao kabla ya Krismasi.

Mkataba, na hasa wa kwaya

Hapa sitakuwa mfupi. Swali la kwanza: gharama inarudishwa kutoka fungu lipi? Tuseme lebo imetumia shilingi 6,000,000 na mgawanyo ni 70 kwa 30, thelathini yako. Njia ya kwanza, gharama inatolewa juu kwenye mapato yote ndipo kinachobaki kinagawanywa. Yakiingia 10,000,000, zinatoka 6,000,000, zinabaki 4,000,000, wewe unapata 1,200,000. Njia ya pili, gharama inakatwa kwenye fungu lako peke yake. Yakiingia hizohizo 10,000,000, lebo inachukua 7,000,000, zako 3,000,000 zinaenda kwenye deni, na bado unadaiwa 3,000,000. Hutaona shilingi mpaka mapato yafike 20,000,000. Mikataba yote miwili itaandika "70/30" kwa herufi kubwa. Tofauti imejificha kwenye sentensi moja. Juu ya hapo kuna kodi ya zuio ya asilimia 15 kwenye mrabaha. Mkataba useme nani anaikata na kwamba utapewa hati yake.

Masta iwe ya nani, na kwa muda gani? Kuiachia lebo kwa miaka mitano hadi saba kisha ikurudie ni jambo la kujadilika. "Milele na popote ulimwenguni" ni kuuza, basi bei iwe ya kuuza. Na muda usihesabiwe kwa albamu zisizo na tarehe: mkataba wa "albamu tatu" ambao lebo ndiyo inaamua lini zitoke unaweza kukufunga miaka kumi.

Chaneli ya YouTube ndiyo inayovunja urafiki kuliko yote. Ikifunguliwa kwa barua pepe ya lebo au ya prodyuza, ni yao, hata kama picha ni yako. Fungua mwenyewe kwa barua pepe ya huduma, uwape ruhusa ya umeneja. Kama imeshafunguliwa kwa jina lao na ni chaneli ya chapa (Brand Account), wakuongeze kama mmiliki. Inabidi zipite siku 7 ndipo unaweza kufanywa mmiliki mkuu. AdSense, mfumo wa Google unaolipa mapato ya matangazo, nayo inatuma barua yenye namba ya siri kwa posta mapato yanapofika dola 10, na hailipi kabla ya dola 100. Weka sanduku la posta linalofunguliwa kweli. La kanisa ambalo funguo anazo mchungaji aliyehamishwa halitakufikishia kitu.

Mikataba iliyoandikwa kwa ajili ya bongo fleva ina kifungu cha maonyesho: lebo inachukua asilimia ya kila unapopanda jukwaani. Kwenye Injili kifungu hicho kinameza sadaka. Dai iandikwe wazi kwamba kuimba kwenye ibada, mkutano wa Injili, semina, msiba au harusi ya muumini hakuhesabiwi kuwa onyesho, hakuhitaji kibali, na sadaka au nauli uliyopewa haigawanywi. Tamasha lenye tiketi ndilo linalogawanywa. Kifungu cha mwenendo nacho kisomwe: lebo ya Injili ina haki ya kujilinda mwimbaji wake akizua kashfa, ila kiseme nani anaamua kosa limetendeka na kwa utaratibu gani. "Kwa maoni ya lebo" peke yake haitoshi.

Ukishindwa kuelewa mkataba wa Kiingereza, omba wa Kiswahili, na Kiswahili ndicho kiwe kinachotawala pakitokea utata. Angalia pia mahali pa kushtakiana. Kama umeandikwa kwamba kesi zote ni Dar es Salaam, nauli, malazi na wakili wa huko vitakushinda kabla ya kesi kutajwa. Kigoma kuna Mahakama Kuu. Mwimbaji aliye chini ya miaka 18 hasaini mwenyewe.

Kwaya ina ugumu wake. Kisheria kwaya ya kanisa haipo kama mtu; mali za kanisa ziko chini ya bodi ya wadhamini iliyosajiliwa. Mwenyekiti wa kwaya akisaini kwa jina lake, deni la lebo ni lake binafsi, na masta nazo zinaweza kuonekana ni zake. Ama bodi isaini, ama kwaya ijisajili kwanza kama chombo kinachotambulika kisheria, na uamuzi uwekwe kwenye muhtasari wa kikao wenye saini za waliohudhuria. Kabla ya hapo kila wimbo uwe na karatasi yake: nani alitunga maneno, nani tuni, nani alipanga sauti, kila mmoja asilimia ngapi, jumla 100. Mwalimu wa kwaya aliyetunga nyimbo sita kati ya nane aandike barua ya kuiruhusu kwaya kuzirekodi na kuzitoa, na barua iseme ruhusa hiyo inabaki hata akihamia usharika mwingine. Maana atahama. Na mwalimu mpya atakuja na nyimbo zake, naye aletewe karatasi ileile kabla ya mazoezi ya kwanza.